Nilivyouza gari langu la kulala wakati mama yuko eda, nikijua hatatoka nje kuniuliza

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Uzi wangu wa mwisho nilikuwa naulizia kioo cha milimita tano, na nilijibiwa na watu watatu, mmoja wao akinitukana. Leo nimeona na mimi niweke langu. Hii si chai. Imetokea wiki mbili zilizopita, na sehemu kubwa inaniaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutunga.

Kwa kifupi niliuza gari. Ila gari lenyewe lina maelezo, vumilieni kidogo.

Mimi ni fundi aluminium, Tanga mjini. Madirisha, milango, makabati ya vioo. Miaka minne nyuma nilinunua Hiace iliyochoka, ilikuwa inapiga ruti ya Horohoro mpaka mwenyewe akaikatia tamaa. Viti vimechanika, bodi imeliwa na chumvi, lakini injini ilikuwa nzima.

Nilikuwa nimeangalia sana YouTube jinsi wazungu wanavyogeuza magari kuwa nyumba, wanayaita camper. Nikajisemea, hawa wanapima kama mimi, wanakata kama mimi, wamenizidi nini?

Ilinichukua mwaka na zaidi, nikifanya siku za Jumapili. Nikang'oa viti vyote. Nikaweka kitanda cha mvule, mbao alinipa baba kutoka shambani kwake Maramba. Jiko la gesi la plate mbili, sinki, tenki la maji chini, sola juu ya paa, feni. Na madirisha ya kusukuma yenye wavu wa mbu. Kwenye madirisha sitajidai mnyenyekevu, yale yalikuwa madirisha kweli kweli.

Lengo lilikuwa kukodisha kwa watalii wanaoteremka na pwani, Pangani, Mkwaja, mpaka Saadani. Kwa miaka yote niliwapata wanane. Mmoja alirudisha gari lina mchanga ndoo mbili.

Kuna kosa moja lazima nilitaje. Kwenye zile video choo kinakaa ubavuni mwa jiko. Na mimi, bila kufikiri, nikakiweka ubavuni mwa jiko.

Siku ya kwanza kumwonyesha mama, aliingia, akashika kitanda, akasifia. Akafungua kile kikabati, akauliza hiki nini. Nikamwambia. Akatazama choo, akatazama jiko, akateremka.

"Mwanangu, wapikia chooni?"

Tangu siku hiyo hajawahi kunywa hata maji yaliyochemshwa mle ndani. Na nilipokuja kuuza, kila mpwani mwenzangu aliyepanda alifanya vile vile. Anatazama huku, anatazama kule, anateremka na kuniaga kwa adabu. Mwishowe nilikifumua nikaweka shelfu. Tujifunze kuiga kwa kupima, wakuu.

Aliyelipenda gari lile ni baba.

Mwaka jana alianza kuumwa moyo. Miguu inavimba, pumzi inakata, kliniki kila mwezi mjini. Kwenye basi hawezi kukaa. Nikawa nakwenda Maramba na gari, analala kwenye kitanda, mama anakaa pembeni yake, na yeye anasukuma dirisha nusu anatazama njia. Anakosoa mashamba ya watu. Huyu kachelewa kupalilia. Yule mihogo yake kaipanda kama nywele. Namsikia kutoka kwenye usukani nacheka peke yangu. Kwa kweli zile safari za hospitali ndiyo muda mrefu zaidi niliowahi kukaa na baba bila kuwa na haraka.

Miezi mitatu na nusu iliyopita mama alinipigia alfajiri. Hali imebadilika. Nikaendesha kutoka mjini mpaka Maramba, nikawakuta tayari wamefunga mkoba. Tukambeba baba na godoro lake, tukamlaza, tukaondoka.

Anayeijua njia ile anajua. Kabla hujaikuta lami ukakimbiza gari, una kipande kirefu cha kwenda kwa akili. Mimi siku hiyo nilitaka kukimbiza kote.

Kati ya usukani na chumba cha nyuma nilikuwa nimeweka pazia. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge mama akalivuta. Nikauliza kuna nini.

"Mwanga wamuumiza babako. Kalala. Endesha taratibu."

Nikaendesha taratibu. Baada ya muda nikasahau nikakanyaga mafuta, sauti ikatoka nyuma ya pazia, "Taratibu, mwanangu." Nikapunguza. Tulipoingia lami nikaongeza tena, akarudia vile vile. Namsikia anasoma Yasini kwa sauti ya chini, nikasema anamwombea shifaa, apone. Malori yalinipita. Pikipiki zenye magunia zilinipita. Mimi ni mtoto wa kwanza, mama akisema neno huwa silipingi.

Tulipofika hospitali akapanda garini daktari mmoja kijana. Alikaa mle kama dakika mbili. Aliposhuka akanishika bega, akasema, "Poleni. Mmechelewa."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno lilibaki.

Maiti ililetwa Maramba na gari la msikiti, gari langu likafuata nyuma, analiendesha binamu yangu, maana mimi nilikataa kulishika. Akalipaki ubavuni mwa nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba cha mama. Likakaa hapo. Tukazika alasiri ile ile.

Mama akaingia eda. Kwa wasio Waislamu humu, mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila dharura, na kwetu wanaume wasio maharimu zake, yaani wanaoweza kumwoa, hawamwoni.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo ubaya wangu ulipo.

Nilimkasirikia mama.

Sikumwambia mtu. Ila kila nilipokaa nilikuwa napiga hesabu ya ile safari. Ningekimbiza, ningefika mapema. Ningefika mapema, yule daktari asingesema vile. Nani alinizuia? Mama. Na nani alimtii kama mtoto wa chekechea akiwa mtu mzima mwenye ndevu? Mimi. Kwa hiyo tumemchelewesha baba, sisi wawili, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kutii. Ndivyo nilivyoamini.

Kila Ijumaa nilikwenda Maramba na sukari, samaki, na dawa zake za presha. Nakaa mlangoni pa chumba chake dakika kumi. Shikamoo mama. Marahaba, umekula? Nimekula. Basi. Naondoka. Hata jina la baba hatukulitaja.

Na gari lipo pale ubavuni. Nikajua siku mama akitoka eda ataketi barazani, gari litakuwa mbele ya macho yetu wote wawili, na mazungumzo yatakuja tu. Sikuyataka. Nikaamua gari liondoke yeye akiwa bado ndani. Hawezi kutoka kuniuliza. Mtu anayetumia eda ya mama yake kama kichaka cha kujifichia, mnaweza kumwita jina lolote, nitaitika.

Nikatangaza mtandaoni.

Wauzaji wa humu mnawajua wateja wa mtandaoni. "Lipo?" Lipo. Kimya. "Bei ya mwisho?" Hata bei ya kwanza hajaiuliza. Mmoja alitaka nirudishe viti liwe la abiria. Mwingine kutoka upande wa mpakani alitaka la kusafirishia kuku, akaniuliza kama kitanda kinakunjika. Wiki tano zikaisha hivyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na langu lilitembea sana.

Nikamtafuta dalali, tumwite Chande. Mzee wa mjini, maneno mengi. Nikamweleza na habari ya baba, kwamba alikuwa mgonjwa akisafiri kwa gari lile, akafia hospitali. Nilisema hospitali kwa sababu ndivyo nilivyojua. Daktari alipanda, daktari aliteremka, basi ni hospitali.

Chande akaniambia, "Habari za msiba usiziguse. Mteja akisikia mgonjwa, asikia maiti. Gari lako lilibeba maiti?"

Nikasema maiti ilibebwa na gari la msikiti.

"Basi wataka nini tena? Yaseme ya chuma, ya binadamu yaache."

Nilikuwa najua kwamba muuzaji anatakiwa kutaja aibu, yaani kasoro, ya anachokiuza. Tumefundishwa madrasa tangu wadogo. Lakini nikajipa fatwa mwenyewe kwamba kuumwa kwa baba si aibu ya gari.

Siku tatu baadaye Chande akampata mtu. Jina lake Elia, Msambaa wa milimani huko Lushoto, Mlutheri, anauza mitumba kwenye magulio. Anazunguka wiki nzima, leo Maramba, kesho kutwa kwingine. Anasema amelala gesti za kila aina mpaka kunguni wanamjua kwa sura. Anataka gari abebe marobota mchana na usiku alale humo humo.

Niliona huyu ndiye mteja. Tukakubaliana siku ya gulio la Maramba akishafunga biashara aje aone.

Akaja saa nane mchana. Chande hakuweza kufika, tulikuwa wawili tu. Niliomba tusogeze gari barabarani tuzungumzie huko, lakini betri ilikuwa imekufa na tairi la nyuma limekaa. Kwa hiyo tukabaki pale pale, chini ya dirisha. Nikamwambia Elia tuongee polepole, mama yuko ndani ana eda.

Akavua kofia. Akageukia dirishani, pazia limefungwa, akasema, "Shikamoo mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Tushapoa, baba."

Nikaona jasho linanitoka. Adabu ya mtu imeniharibia mpango.

Nilimwonyesha kila kitu. Paa linavuja kona ya kushoto, nikamwambia. Gia namba tatu inagoma asubuhi, nikamwambia. Pale penye shelfu palikuwa na choo, nikamwambia, akacheka sana. Nilijiona mkweli mpaka nikaanza kujipenda.

Elia akakaa kwenye kitanda. Akakipiga piga kwa kiganja, akauliza mbao gani. Akalala chali na viatu amevitoa nje. Akasukuma dirisha, likaenda bila sauti. Nikajua nimeuza.

Tukaenda kwenye bei, tukashindana kidogo, tukakutana. Bei sitaji. Tukapeana mkono. Kwetu mkono ukishatolewa, biashara imekwisha, yaliyobaki ni karatasi.

Ndipo akauliza, kwa mazungumzo tu, wala si kwa kuchunguza.

"Fundi, kitu kizuri hivi mbona unauza?"

Nikasema majukumu yamekuwa mengi.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la dirisha.

"Mwambie."

Nikajifanya sikusikia. Elia alisikia, akanitazama.

"Bwana mgeni," mama akaendelea, "mume wangu amefia ndani ya gari hilo. Juu ya kitanda ulichokilalia. Ukilitaka lichukue, lakini ulichukue ukijua."

Elia aliondoa mkono kwenye mlango. Akaniuliza, "Ni kweli, fundi?"

Nikamjibu kwamba hapana, baba alifia hospitali, mama amechanganya, ni msiba tu.

"Sikuchanganya," mama akasema. "Amefia mkongeni. Ndipo nlipovuta pazia."

Wakuu, sijui niwaelezeje. Nilisimama pale jua linanipiga kichwani. Nikawa naipanga upya ile njia. Mkongeni ni mwanzo kabisa. Kutoka mkongeni mpaka hospitali ni saa nzima na zaidi, kwa ule mwendo niliokwenda. Kwa hiyo lile Yasini lilikuwa la maiti. Kwa hiyo kila "taratibu" niliyoambiwa, baba alikuwa keshaondoka.

Elia ni mtu mwenye akili. Alisema anakwenda kuangalia tairi, akazunguka upande wa pili na akakaa huko muda mrefu kuliko tairi lolote linavyohitaji.

Nikasogea dirishani. Simwoni, naona pazia tu. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekwambia wewe umeshika usukani? Kwenye njia ile? Nshampoteza mmoja, mwanangu. Na wewe tangu tulipotoka nyumbani wakimbiza gari, mashimo huyaoni."

Nikamuuliza, na baada ya pale? Miezi mitatu yote?

Akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Nlidhani wajua. Ulimshika ulipomteremsha, alikuwa baridi. Nkasema mwanangu ajua kwamba nlimbebesha maiti ya babake bila kumwambia, na ndo maana haji kukaa nami. Nkasema ana haki."

Mimi sikumshika baba siku ile. Walimteremsha wahudumu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nasikiliza neno la daktari.

Nikamwambia, "Mama, mimi nilikuwa najua tumemchelewesha."

"Tumechelewesha nini? Babako hakukupa hata nafasi ya kuchelewa."

Kisha akacheka kidogo, na mimi nikalia. Nimeandika hivyo hivyo, nililia, mtu mzima, nimeshika wavu wa dirisha, mteja yuko upande wa pili anajifanya kuhesabu nati za tairi.

Nikamuuliza alisema nini mwisho. Akaniambia hakusema kitu cha maana. Alikuwa anatazama nje, akasema hawa mkonge wao wameutelekeza, wamewaachia nyani. Akanyamaza. Mama akasubiri aendelee kuwasema, hakuendelea.

Baada ya muda Elia akarudi. Akasafisha koo.

"Fundi, nimelala gesti za mkoa mzima. Vitanda vile sijui wangapi wamefia, na hakuna aliyewahi kuniambia. Huyu wa kwako angalau nimejua alikuwa mzee wa watu, na kafa mkewe yuko pembeni. Mimi mkono wangu uko pale pale. Wewe je?"

Na hapo ndipo penye utani wa Mungu. Sababu yangu ya kuuza ilikuwa imekwisha dakika tano zilizopita. Nilikuwa nauza gari lililomchelewesha baba, na gari hilo halikuwepo. Lililokuwepo ni lile ambalo baba alilala mle akikosoa mashamba ya watu mpaka pumzi ya mwisho. Hilo nisingeliuza.

Nilitazama dirishani. Nadhani nilitaka mama anikataze.

"Ushampa mkono," akasema.

Kwa hiyo nikauza.

Elia alirudi siku ya pili na betri na fundi wa tairi, akaondoka nalo. Kuna mtu nilipomsimulia aliniuliza kama kitanda kilitolewa. Hakikutolewa. Elia alisema kitanda ndicho alichokinunua, gari ni nyongeza.

Mimi siku ile sikuondoka Maramba. Nilikaa mlangoni pa chumba cha mama mpaka magharibi. Akanisimulia ile safari yote upya, kona kwa kona. Wapi alimfumba macho. Wapi alimfunika. Wapi aliogopa nitasimamisha gari nije kuchungulia, na angesema nini kama ningechungulia. Kumbe nyuma ya pazia lile kulikuwa na mtu mmoja anaendesha kazi ngumu kuliko yangu, na mimi miezi mitatu nilikuwa namnunia kwa ajili hiyo.

Mnataka somo? Ninalo, ingawa mimi si mtu wa kutoa mawaidha.

Unapouza, taja aibu ya kitu chako, hata ile ambayo dalali anakwambia si aibu. Mnunuzi wa kweli hataikimbia, na asiye wa kweli acha akimbie mapema. Hilo la kwanza.

La pili, kama kuna mtu wako umemnunia, muulize. Muulize mdomo kwa mdomo, usimuulize kichwani mwako, maana kichwani mwako atakujibu unavyotaka wewe. Mimi nilimhukumu mama yangu kesi nzima, na shahidi pekee alikuwa ndani, hatua nne kutoka nilipokuwa nakaa kila Ijumaa.

Wakuu, nawaachia uwanja. Aliyewahi kununua au kuuza gari lenye habari kama hii aseme ilikuwaje. Na kama ungekuwa Elia, mkono ungeuacha au ungeurudisha? Kunisema mimi ni ruksa, nimeyataka mwenyewe.

Ila mama bado yuko ndani, siku zake hazijaisha, na ameniagiza Ijumaa nikienda nimsomee yote mtakayoandika. Andikeni mkijua hilo.